Wembamba wa Nguzo na Vyuma Vidogo Vinavyoishikilia

Chukua rula ya plastiki ya sentimita 30, isimamishe wima mezani na uigandamize kwa kiganja kutoka juu. Mwanzoni haifanyi kitu. Ongeza nguvu kidogo, mara inabenuka upande mmoja na kiganja chako kinashuka nayo. Ukiondoa mkono inanyooka, haina ufa wala alama. Sasa kata kipande cha sentimita 3 kutoka kwenye rula hiyohiyo ukigandamize vilevile: kiganja kitakuuma kabla kipande hakijapinda. Plastiki ni ileile, upana na unene ni uleule. Kilichobadilika ni urefu peke yake.

Hivyo ndivyo nguzo nyembamba zinavyoshindwa. Hazipondeki. Hutoka kwenye mstari wake ulionyooka, na zikishatoka, mzigo uliokuwa ukishuka katikati sasa unazidi kuzisukuma nje. Boriti ya chuma iliyozidiwa na mzigo kwa kawaida huinama polepole. Plasta inapasuka, milango inaanza kukwama, watu wanapata muda wa kutoka. Nguzo nyembamba inaweza kusimama imenyooka asubuhi nzima, ikaongezewa mzigo mdogo wa mwisho, na kubenuka papo hapo. Ndiyo maana sisi wahandisi wa miundo tunauogopa mgandamizo kuliko mvutano. Waya ukiuvuta hunyooka zaidi. Ukiusukuma, hauna subira.

Hesabu yake si ngeni. Mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, aliichapisha mwaka 1744, ingawa ilipata kazi hasa katika karne ya 19, chuma kilipoanza kutumika kujengea madaraja na mapaa makubwa. Ndani yake mna mambo matatu: ugumu wa kitu kilichotumika, yaani kinavyokataa kunyumbuka, namna kitu hicho kilivyotandazwa kuzunguka katikati ya mkato wa nguzo, na urefu. Ugumu ukiongezeka mara mbili, mzigo ambao nguzo itabenuka nao unaongezeka mara mbili. Urefu ukiongezeka mara mbili, mzigo huo unashuka hadi robo. Ukirefuka mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa.

Uimara wa chuma, yaani nguvu kinayoistahimili kabla ya kuzidiwa, haumo kabisa katika hesabu hiyo. Hapa hata mafundi wazoefu hushangaa. Chuma cha bei ya juu, kile cha daraja la uimara mkubwa, kina ugumu uleule wa chuma cha kawaida, takriban gigapaskali 200. Ukibadilisha nguzo ndefu na nyembamba ya chuma cha kawaida kwa nyingine ya vipimo vilevile lakini ya chuma imara mara mbili, umeongeza gharama tu. Itabenuka karibu kwenye mzigo uleule.

Tuone kwa namba. Fito ya chuma ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 20, ya chuma kinachoanza kulegea kwenye megapaskali 250 (nyutoni 250 kwa kila milimita ya mraba), ingehitaji kilonyutoni 78 ili chuma chenyewe kizidiwe, karibu tani 8. Isimamishe ikiwa na urefu wa mita 1, ncha zake zikiwa huru kuzunguka: inabenuka kwenye kilonyutoni 15 na nusu, kama tani moja na nusu. Irefushe iwe mita 2: inabaki kilo 400 hivi. Mita 3: kilo 175, uzito wa watu wawili wanene.

Chukua kiasi kilekile cha chuma ukitengeneze bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 52 na ukuta wa milimita 2. Kwenye mizani hakuna tofauti. Lakini kwa urefu wa mita 2 bomba hilo, kinadharia, linafika karibu tani 5, zaidi ya mara 12 ya fito. Chuma kimesogezwa mbali na katikati, basi. Ndiyo sababu majukwaa ya ujenzi hufungwa kwa mabomba na si kwa fito nzito. Hata hivyo huwezi kulipanua bomba bila mwisho: ukuta ukiwa mwembamba mno hubonyea wenyewe sehemu moja kabla bomba zima halijapinda, na faida yote inapotea.

Nimesema “kinadharia” kwa makusudi. Nguzo ya Euler imenyooka kikamilifu na mzigo wake unapita katikati kabisa. Nguzo ya aina hiyo haipo popote isipokuwa vitabuni. Ya kweli imetoka kiwandani na mpindo kidogo, ina mikazo iliyobaki ndani yake tangu ilipopoa au kuchomelewa, na boriti inayokaa juu yake imesogea milimita kadhaa upande mmoja. Kwa hiyo miongozo ya usanifu hupunguza jibu la Euler. Mwongozo wa Ulaya wa majengo ya chuma, Eurocode 3, una mikondo mitano ya upunguzaji, yaani mistari ya grafu, na mhandisi huchagua mmoja kulingana na umbo la chuma na jinsi kilivyotengenezwa. Nguzo nyembamba sana haipungukiwi mno, na nguzo fupi nene huzidiwa kwa kupondeka tu. Zinazoumia zaidi ni zile za katikati, ambazo kwa bahati mbaya ndizo nyingi katika majengo. Magamba membamba ya matangi na maghala ya nafaka ni shida zaidi: majaribio yameonyesha yakibonyea kwenye robo ya mzigo wa nadharia, au hata chini ya hapo, kwa sababu ya kasoro ambazo jicho halizioni.

Ncha nazo zina neno. Nguzo iliyokazwa juu na chini isiweze kuzunguka hubeba mara nne ya ile iliyo huru pande zote mbili. Iliyokazwa chini tu na kuachwa huru juu hubeba robo. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni mara 16, na yote inatokana na boliti na bamba za kwenye viungo. Mimi husita kuamini neno “imekazwa” kwenye mchoro hadi nikione kiungo chenyewe.

Njia rahisi kuliko zote ya kuipa nguzo uthabiti ni kuishikilia katikati isitoke pembeni. Urefu unaohesabika unakuwa nusu, na mzigo wa kubenuka unapanda mara nne. Tena nguvu inayotakiwa kuishikilia ni ndogo ajabu: kwa miaka mingi wahandisi wamezoea kukadiria kama asilimia 2 ya mzigo wa nguzo. Nguzo ya tani 50 inatulizwa na kishikizo cha tani 1. Na hatari inaanzia hapohapo. Kishikizo ni chembamba, hakionekani kubeba chochote, ukikigonga kinalia kitupu. Anayetaka nafasi ya mlango au bomba la hewa hukiangalia na kuona chuma kisicho na kazi. Akikikata, siku hiyo huenda pasitokee lolote.

Jambo jingine: kishikizo lazima kiishie kwenye kitu kigumu. Nguzo tatu zilizounganishwa kwa vyuma vya mlalo peke yake, bila chuma cha mshazari wala ukuta, hazijashikiliana. Zitaondoka zote upande mmoja.

Mfano unaofundishwa sana ni wa Kanada. Mwaka 1907 daraja kubwa la chuma lilikuwa likijengwa juu ya Mto St. Lawrence, karibu na jiji la Quebec. Wakati wa usanifu, nafasi kati ya nguzo zake kuu ilikuwa imeongezwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800, yaani mita 549, lakini uzito wa daraja haukukokotolewa upya kwa wakati. Mihimili ya chini, iliyokuwa ikibeba mgandamizo wote, kila mmoja uliundwa kwa mbavu nne za bamba, zilizofungwa pamoja kwa vipande vyembamba vya mshazari ili zifanye kazi kama kitu kimoja. Mwezi Agosti, mmoja wa mihimili hiyo, ulioandikwa A9L kwenye michoro, ulionekana umepinda, na mpindo wake ulikuwa umekua kutoka kama milimita 19 hadi milimita 57. Ukazuka ubishi. Wapo waliodai ulikuwa umepinda tangu kabla ya kufungwa. Mhandisi kijana wa pale kazini, Norman McLure, akasafiri hadi New York kumwona mhandisi mshauri, Theodore Cooper. Cooper akapeleka telegramu kwamba mzigo usiongezwe. Telegramu ilikwenda kwenye ofisi ya kampuni huko Pennsylvania, haikwenda darajani. Jioni ya Agosti 29, karibu na muda wa kumaliza kazi, upande mzima wa kusini ulianguka ndani ya sekunde chache na watu 75 wakafa. Tume iliyochunguza iligundua kwamba mihimili ya chini ilishindwa kwa sababu vile vipande vya mshazari vilikuwa dhaifu mno kuzishikilia mbavu zake.

Miaka 70 hivi baadaye, Januari 18, 1978, paa la ukumbi wa michezo wa Hartford nchini Marekani lilianguka alfajiri baada ya theluji nyingi. Saa chache kabla watu kama 5,000 walikuwa ndani wakitazama mpira wa kikapu. Hakuna aliyekuwamo lilipoanguka. Michoro ilichukulia kwamba vyuma vya juu vya paa vimeshikiliwa katikati ya urefu wao. Vilivyofungwa havikuwa vikivishikilia inavyotakiwa. Wakati wa ujenzi paa lilipimwa likaonekana linashuka karibu mara mbili ya ilivyokadiriwa, na maelezo yaliyotolewa wakati ule yalikuwa kwamba hakuna tatizo. Ukumbi ulitumika miaka kadhaa ukiwa katika hali hiyo.

Kwenye maeneo ya kawaida ya ujenzi, kosa hili huonekana zaidi katika kazi za muda, zile ambazo zitabomolewa zege likikauka na kwa hiyo hazipewi heshima. Mirunda inayobeba mbao za kumwagia zege ni nguzo nyembamba kwa kila kipimo: mirefu, iliyopinda kiasili, mingine imeungwa kwa misumari katikati, na inasimama juu ya vipande vya mbao kwenye udongo. Bila fito za mlalo na za mshazari kuifunga pande zote mbili, mzigo wa zege bichi unaiweka palepale Euler alipopaeleza. Jukwaa la mabomba ni hivyohivyo. Bomba la kawaida la kipenyo cha milimita 48 na ukuta wa milimita 3.2 linafika kinadharia kilonyutoni 56 hivi likifungwa kila mita 2. Rukeni fundo moja likawa huru kwa mita 4, imebaki 14. Fundi aliyefungua chuma kimoja ili apitishe toroli amepunguza robo tatu ya uwezo wa bomba hilo.

Ndani ya nguzo ya zege yenyewe mna nguzo nyingine ndogo: nondo za wima. Zikigandamizwa zinataka kubenuka nje na kulipasua zege la juu, na kinachozizuia ni ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozizunguka. Miongozo huweka umbali wa juu kabisa kati ya ringi na ringi kuwa mara 12 hadi 20 ya kipenyo cha nondo ya wima iliyo ndogo kuliko zote, kutegemea nchi. Kwa nondo ya milimita 16 hiyo ni takriban milimita 190 hadi 320. Penye matetemeko ya ardhi zinasogezwa karibu zaidi. Ringi zilizoachana nusu mita ni mapambo.

Boriti nazo hubenuka, jambo linalosahaulika. Ubavu wa juu wa boriti ya chuma unagandamizwa, kwa hiyo nao unataka kukimbia pembeni na kuipindua boriti nzima. Sakafu ikishamwagwa juu yake hauendi popote. Hatari ni siku za katikati, boriti imeshapandishwa na sakafu haijaja. Kenchi za paa zilizosimamishwa kabla ya kufungwa mbao za mlalo ziko katika hali hiyohiyo, na upepo hausubiri.

Upo pia ukarabati. Mwenye jengo anataka ukumbi wenye dari ya juu, basi anaondoa sehemu ya sakafu ya ghorofa ya kwanza na kuziacha nguzo. Hajaongeza mzigo hata kilo moja. Lakini sakafu ile ndiyo iliyokuwa ikizishikilia nguzo katikati, na urefu wake umekuwa mara mbili. Nguzo nene ya zege huenda ikavumilia. Nguzo nyembamba ya chuma inaweza kubaki na robo tu ya uwezo wake. Hii ni hesabu ya dakika chache kwa mhandisi kabla nyundo haijagonga, na ni kazi ngumu sana baadaye.

Mtu asiye mhandisi anaweza kupima kitu kimoja. Vuta uzi kutoka juu hadi chini ya nguzo, uguse ncha zote mbili, kisha pima nafasi kati ya uzi na nguzo pale palipo kubwa zaidi, upande huu na upande wa pili. Kipimo kinachotumika mara nyingi kwa nguzo ya chuma ni sehemu moja ya elfu ya urefu: mita 3, milimita 3. Andika namba na tarehe kwenye nguzo yenyewe kwa kalamu isiyofutika, pima tena baada ya siku chache. Mpindo wa milimita 8 ambao haujabadilika kwa mwaka mzima unahitaji kuangaliwa na mhandisi. Wa milimita 5 uliokuwa 3 juma lililopita ni wa kupunguzia mzigo leo hii, kuwaondoa watu chini yake na kuweka tegemeo pembeni. Usijaribu kuinyoosha kwa nyundo au jeki ikiwa bado imebeba.