Kamera Haikuona Kitu, Lakini Tumbo Linauma

"Kwa hiyo daktari, maumivu haya ninayatunga?"

Swali hili huja baada ya kamera kupita na kukuta utumbo hauna kidonda, uvimbe wala wekundu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikisema, "Huna kitu, usiwe na wasiwasi," nikidhani nampa mgonjwa habari njema. Siku hizi siyasemi maneno hayo, kwa sababu si ya kweli. Kamera huona umbo la utumbo. Haioni unavyotembea, wala unavyohisi.

Mwendo ndio ulioanza kuchunguzwa. Mwaka 1899 William Bayliss na Ernest Starling, wakifanya kazi London, walionyesha kwamba utumbo wa mbwa uliokatiwa mawasiliano na ubongo bado ulisukuma mbele kilichomo: unabana nyuma yake, unalegea mbele yake. Ukuta wake una neva zake wenyewe, zaidi ya seli milioni 100, pamoja na seli za Cajal zinazopiga mdundo, kama mara 3 kwa dakika kwenye mfuko wa tumbo na 12 mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Tusipokula, kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi hupita wimbi kali linalofagia mabaki. Mngurumo wa tumbo tupu hutokana kwa kiasi kikubwa na ufagio huo.

Kwa hiyo wengi wetu tuliamini jibu liko kwenye mwendo: mpate mwenye tumbo zito, muongezee kasi, atapona. Matokeo hayakukubaliana nasi. Tunapopima mfuko wa tumbo unavyosukuma chakula kwenda utumboni, mgonjwa hula mlo wenye chembe kidogo za mionzi, na ikiwa baada ya saa 4 imebaki zaidi ya asilimia 10, tunasema unachelewa. Lakini mwenye kichefuchefu kikali anaweza kuwa na kipimo cha kawaida kabisa. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kurudia kipimo hicho baada ya wiki 48: takriban asilimia 40 ya wagonjwa walikuwa wamehama kundi, wa "kuchelewa" wakawa "kawaida" na wa "kawaida" wakawa "kuchelewa". Dalili zao hazikuhama nao.

Hapo ndipo hisia inapoingia. Mwaka 1973 James Ritchie, nchini Uingereza, aliingiza puto dogo sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na kulijaza hewa. Kwa mililita 60, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa IBS, yaani wenye maumivu ya tumbo ya mara kwa mara na choo kisichotulia bila kidonda kinachoonekana, waliumia. Kwa watu wazima wa afya, ni wachache mno. Hewa ile ile, neva tofauti.

Na neva hizo huwaje nyepesi kuumia hivyo? Njia moja inajulikana: kuharisha kwa maambukizi, kisha tumbo lisilotulia tena. Mwaka 2021 timu ya Leuven, Ubelgiji, iliwapa panya protini ya yai wakati wana maambukizi ya utumbo. Maambukizi yalipokwisha, protini ile pekee ilitosha kuleta maumivu, kwa sababu seli za kinga ukutani zilimwaga histamini, kemikali ya mzio, karibu na neva. Watafiti hao wakadunga vyakula kama soya, ngano na maziwa kwenye ukuta wa puru ya wagonjwa 12 wa IBS. Wote waliitikia angalau kimoja. Nilipousoma utafiti huo niliwakumbuka wagonjwa wote walioniambia "chakula hiki kinaniumiza" nami nikawaonyesha vipimo vya mzio visivyo na kitu. Walikuwa wanasema kweli.

Tangu 2016 kundi zima la matatizo haya limepewa jina jipya, matatizo ya mawasiliano kati ya utumbo na ubongo. Jina hilo nalipenda, ingawa wapo wanaolisikia kama "yote yako kichwani". Mawasiliano yana pande mbili.

Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu au upungufu wa damu bado vinataka uchunguzi mwingine. Bila hivyo, tuna cha kufanya. Mwaka 2023 majaribio ya Uingereza kwa wagonjwa 463 yalionyesha kwamba amitriptilini, miligramu 10 hadi 30 usiku, inapunguza dalili za IBS kuliko kidonge kisicho na dawa. Mgonjwa akisoma karatasi ya ndani ya pakiti huona neno "sonona" na kunirudishia. Ndiyo maana namweleza kabla hajaondoka: kwa sonona dozi huwa kubwa zaidi; hii ndogo inakwenda kutuliza neva kama zile zilizohisi maumivu ya puto.