Je, wajua kwa nini mbuyu haukukingi na radi?

Wingu jeusi likitanda jioni pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, wauza mihogo hufunika meza zao kwa nailoni, na waliokuja kupunga upepo hukimbilia chini ya mibuyu. Kwa mvua ni sawa. Kwa radi, wamejipeleka wenyewe.

Radi ikishuka hupenda kupitia kitu kirefu kilichosimama peke yake, na mbuyu ni mrefu, tena umejaa maji. Umeme ukiupitia, maji hayo huchemka papo hapo yakawa mvuke na gamba likapasuka. Lakini mwili wa binadamu, wenye maji na chumvi, hupitisha umeme vizuri kuliko shina la mti. Kwa hiyo umeme ukifika usawa wako unaweza kuruka kutoka kwenye shina ukaingia kwako. Na ukikukosa hapo, bado. Ukifika chini hutawanyika ardhini kuzunguka mizizi, na mguu wako mmoja ukiwa karibu na mti kuliko mwenzake, umeme hupandia huu ukashukia ule. Ndiyo sababu ng'ombe hufa kundi zima chini ya mti mmoja: miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, na moyo uko katikati.

Mnazi nao ni vivyo hivyo. Una kilele kimoja tu cha kukulia, kikiungua umekwisha. Makuti hunyauka, kikabaki kigogo. Mgema aliye juu na ashuke mapema, tembo halikimbii.

Baharini je? Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na radi ikipiga bahari umeme husambaa zaidi juu juu kuliko kuzama. Huko juu ndiko kiliko kichwa cha mwogeleaji. Ufukweni Pirates, maji yakiwa yamekupwa na mchanga uko wazi, kitu kirefu kuliko vyote ni wewe uliyesimama. Mvuvi ndani ya ngalawa yenye mlingoti na vijana wanaosakata mpira uwanjani Tononoka wako katika hali hiyo hiyo.

Utajuaje iko umbali gani? Ukiona mwanga, anza kuhesabu mpaka usikie ngurumo. Mwanga hufika papo hapo, ila sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde, hivyo kila sekunde 3 ni karibu kilomita 1. Ngurumo ikikufikia kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na inayofuata yaweza kuwa yako. Usidanganywe na mchanga mkavu: radi huweza kupiga zaidi ya kilomita 15 kutoka mahali mvua inaponyesha. Kwa maoni yangu hata kuhesabu ni anasa. Ukisikia ngurumo, ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hapo ndipo wengi wanapokosa subira, wakarudi majini mapema.

Ndani ni nyumba yenye kuta na paa, nawe ukae mbali na mabomba na soketi za umeme. Kibanda cha makuti ni cha jua tu. Matatu iliyofungwa madirisha inafaa sana, na si kwa ajili ya matairi ya mpira kama wengi wanavyodhani, bali bodi yake ya chuma hupitisha umeme nje nje hadi chini. Tuktuk ya turubai na bodaboda hazimo. Kuhusu kuvua nguo nyekundu na kufunika vioo, radi haina habari navyo.

Na mtu akishapigwa? Mguse bila hofu, kwani umeme haubaki mwilini. Kama radi bado inapiga, mtoe kwanza hapo. Wengi wanaopigwa hupona. Wanaokufa, mara nyingi ni moyo umesimama. Hajitambui wala hapumui? Mbonyeze kwa nguvu katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Wakipigwa kadhaa pamoja, anza na aliyenyamaza kimya. Anayelia angalau anapumua.