Sadaka jaria si ya wenye fedha peke yao

Huku Mtwara wengi tumekua tukiamini kwamba sadaka jaria, ile ambayo thawabu zake humfuata mtu hadi kaburini, ni kujenga msikiti au kuchimba kisima. Asiye na uwezo huo hujiona hana fungu. Inaeleweka: kwa mtu wa Newala, alikokulia akifuata maji mbali, kisima si jambo dogo.

Lakini Hadithi yenyewe, yaani neno la Mtume, haitaji kiasi. Mwanadamu akifa, amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Nyingine inasema Muislamu akipanda mti, kisha ndege, mtu au mnyama akala katika mti huo, kwa aliyepanda ni sadaka. Basi mkorosho mmoja ulioachiwa madrasa umo. Umo pia mfuko mmoja wa saruji, na alifu-be-te uliyomfundisha mtoto wa jirani barazani.

Hadithi ya kwanza imo katika Sahihi ya Muslim, mkusanyo wa Hadithi, kitabu cha wasia. Ya pili katika ya Bukhari, kitabu cha kilimo. Mwombe ustadhi wa msikitini kwenu akufungulie ukurasa, msome pamoja.