Silaha za mpigo wa sumakuumeme: nani anajua kama zimepiga?

Kazi yangu ni kuvirushia vifaa vya elektroniki mawimbi makali ndani ya chumba cha chuma, nione kipi kitakufa, kipi kitababaika na kipi kitaendelea kana kwamba hakikuguswa. Ndiyo maana watu huniuliza sana kuhusu silaha za mpigo wa sumakuumeme, yaani zile zinazoharibu vifaa vya elektroniki kwa wimbi kali la ghafla, na mara nyingi swali huja limeshajijibu: bomu moja likilipuka juu sana, basi magari, simu na taa vyote kwisha, turudi kwenye vibatari. Mambo hayaendi hivyo. Na kinachonishughulisha zaidi hata si nguvu ya silaha hizi. Ni kwamba anayezifyatua mara nyingi hana njia ya kujua zimefanya nini.

Tuanze na yaliyowahi kutokea. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia la megatani 1.4 kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, juu ya eneo la kisiwa cha Johnston katika Bahari ya Pasifiki. Huko Hawaii, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapo, taa za barabarani zipatazo 300 zilizimika, ving'ora vya wezi vikalia vyenyewe, na mawasiliano ya simu kati ya visiwa yakakatika. Wengi hunukuu taa hizo 300 kwa mshangao. Mimi hutazama zile zilizobaki zikiwaka, ambazo ndizo zilikuwa nyingi mno.

Oktoba mwaka huohuo Wasovieti walilipua bomu la kilotani 300 juu ya Kazakhstan. Lilikuwa dogo kuliko la Wamarekani, lakini lilidhuru zaidi. Laini ya simu yenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 iliunguza fyuzi zake, na hata kebo ya umeme iliyofukiwa ardhini haikusalimika. Safari hii chini ya bomu palikuwa na nchi kavu yenye nyaya ndefu, si bahari, na uga wa sumaku wa dunia una nguvu zaidi huko.

Uga huo ndio moyo wa jambo lenyewe. Miale ya gama, yaani mnururisho mkali usioonekana, kutoka kwenye mlipuko hushuka hadi kwenye hewa iliyo kilomita 20 hadi 40 juu ya ardhi na kuzing'oa elektroni kutoka kwenye atomi. Elektroni hizo hukimbia kwa kasi inayokaribia ya mwanga, uga wa sumaku huzipinda zote kwa pamoja, na katika kupinda huko hutoa wimbi moja kali linalofika kileleni ndani ya nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) chache. Nguvu yake inaweza kufikia volti 50,000 kwa kila mita. Hili ndilo hutishia saketi ndogo. Baadaye huja wimbi jingine, la polepole, linalodumu sekunde hadi dakika kadhaa, pale mlipuko unapousukumasukuma uga wa dunia. Hilo haliigusi simu yako. Linaingia kwenye njia kuu za umeme na kuzichosha transfoma. Jua nalo hulifanya bila vita yoyote: Machi 1989 dhoruba ya jua iliuzima mfumo wa umeme wa Quebec, Kanada, kwa takriban saa tisa.

Waya hukusanya nguvu ya mawimbi kama bati la paa linavyokinga mvua: likiwa refu, ndoo hujaa upesi. Simu iliyo mfukoni haina bati la maana. Simu hiyohiyo ikiwa imechomekwa kwenye chaja imeunganishwa na kilomita nyingi za waya.

Lakini atakayelipua bomu la nyuklia angani ameanzisha vita vya nyuklia, asitafute jina jingine. Pia atadhuru setilaiti za kila mtu, zake zikiwemo. Mlipuko ule wa 1962 uliacha mnururisho uliozunguka dunia kwa muda mrefu na kuharibu setilaiti kadhaa, ikiwemo Telstar, setilaiti ya mawasiliano iliyorushwa siku moja tu baadaye.

Kwa hiyo majeshi yamegeukia silaha zisizo za nyuklia. Ipo njia ya kutumia baruti kuubana uga wa sumaku ndani ya koili ya shaba, wazo ambalo Andrei Sakharov, mwanafizikia wa Kisovieti, alilifanyia kazi miaka ya 1950. Ni silaha ya mara moja na haifiki mbali. Nyingine, inayopewa fedha zaidi siku hizi, ni mikrowevu, yaani mawimbi mafupi ya redio, zenye nguvu kubwa. Mwaka 2012 kombora la majaribio la Marekani lililoitwa CHAMP liliruka juu ya jengo katika jangwa la Utah na kuzima kompyuta zilizokuwa ndani.

Kwenye majaribio, kamera ziliwekwa ndani ya jengo. Vitani hakuna wa kukuwekea kamera. Bomu la kawaida huacha shimo, na setilaiti hulipiga picha. Jengo lililopigwa mikrowevu linabaki vilevile. Rada ikinyamaza, imekufa au mwendeshaji kaizima makusudi? Katika kazi yangu nimeona vifaa viwili vya aina moja, kimoja kikazima na kingine kikaendelea, tofauti ikiwa ni jinsi kebo ilivyolazwa au mlango wa kabati ulivyofungwa. Mawimbi ya gigahezi moja yana urefu wa sentimita 30, na ufa wa sentimita 15 kwenye kabati la chuma ni mlango wazi kwao. Kamanda hawezi kujua nyufa za adui. Atatuma bomu kuhakikisha, na akishalituma, mikrowevu zilikuwa za nini?

(Mabomu ya nyuzi za kaboni yaliyokata umeme Serbia mwaka 1999 si ya jamii hii, ingawa huchanganywa nayo. Yale yalisababisha shoti tu kwenye nyaya.)

Droni ndizo zimebadilisha hesabu. Droni ikipigwa hudondoka, na kila mtu anaiona. Mkondo mpana wa mikrowevu unaweza kulipiga kundi zima kwa mara moja, na kila pigo hugharimu umeme tu badala ya kombora. Huko Ukraine droni nyingi sasa huongozwa kwa uzi wa kioo unaojikunjua nyuma yake na kupitisha amri, hivyo kuvuruga mawasiliano ya redio hakuzisumbui. Mikrowevu haziujali uzi huo. Hupita kwenye nyaya za mota na za kamera hadi kwenye saketi. Mtengenezaji anaweza kuzifunika saketi hizo kwa chuma, lakini droni ndogo yenye ngao hubeba betri ndogo zaidi au baruti kidogo zaidi, na bado lazima aache tundu la kamera.