"Injini Ina Saa 340 Tu": Dhana Potofu Kuhusu Ndege Kuukuu Zilizofunguliwa

Juzi nilipigiwa simu na mzee mmoja wa Naivasha. Marehemu kaka yake alimwachia Cessna 172 iliyofunguliwa: mabawa yameegemezwa ukutani, mkia uko darini, injini imo ndani ya kreti. Kabla sijauliza lolote akaniambia, "Fundi, hiyo injini ni kama mpya. Ina saa 340 tu tangu ifanyiwe ovaholi." Nikamuuliza ovaholi hiyo, yaani kuifungua injini yote na kuijenga upya, ilifanywa mwaka gani. Akanyamaza kidogo, akasema karatasi iliyomo ndani ya kreti inaonyesha 1996. "Lakini haijatumika, fundi!"

Nimeshika spana uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, zaidi ya miaka 20, na ndege kuukuu kama hizi nazithamini na kuzinunua, kwa hiyo maneno hayo nimeyasikia mpaka basi. Watu wanapoteza pesa kwa sababu yake, na wengine wanataka kuruka na injini za namna hiyo. Ndiyo maana naandika.

"Saa ni chache, kwa hiyo injini ni nzima"

Injini ya pistoni ya ndege huharibika kwa kukaa kuliko kwa kufanya kazi. Waliozitengeneza wamelisema hili wazi. Katika waraka wao nambari 1009, kampuni ya Lycoming wanaipa O-320, injini ya Cessna 172 nyingi, saa 2,000 kati ya ovaholi moja na nyingine, na pia wanaipa miaka 12. Kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Continental, kampuni nyingine ya injini, nao wanaweka miaka 12. Mwenye mali husoma saa, miaka akairuka. Anatoa 340 kwenye 2,000, anapata 1,660, anazigeuza kuwa pesa, kisha ananikasirikia mimi.

Tazama kinachotokea ndani. Kwenye Lycoming hizi, kamshafti (mhimili wenye nundu zinazofungua vali) iko juu ya krankishafti (mhimili mkuu unaozungusha propela). Injini ikizimwa, oili huchuruzika yote kwenda chini, na kamshafti hubaki na utando mwembamba tu. Baada ya wiki kadhaa utando nao umekwisha. Usiku wa baridi unaleta unyevu, mchana unaupasha moto, na Naivasha kuna ziwa. Kutu inaanza kwenye nundu za kamshafti na kwenye nyuso za tapeti (vipande vinavyosukumwa na nundu hizo), sehemu ambazo zinatakiwa kung'aa kama kioo. Siku injini ikiwashwa, vile vitundu vya kutu vinafanya kazi ya tupa. Tapeti inamenyeka, nundu inalika, na chembe za chuma zinasambaa na oili hadi kwenye beringi.

Nilikwenda Naivasha mwenyewe. Tukaifungua kreti, nikatoa silinda moja nipate kuiona kamshafti kwa macho. Nilipomulika tochi, nundu ya kwanza ilikuwa na madoa ya kahawia kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nikapitisha ukucha juu yake, ukakwama mara tatu. Nikamshika mzee mkono, nikamwambia naye apitishe wake. Hatukuhitaji kubishana tena. Huwezi kubadilisha kamshafti ya Lycoming bila kuitenganisha krankikesi yote, yaani ganda la injini, na ukishaitenganisha umeingia kwenye ovaholi, upende usipende.

Kwa hiyo injini ya namna hiyo ninaithamini kama injini inayosubiri ovaholi. Zile saa 340 hazina bei. Chenye bei ni krankikesi isiyo na ufa na krankishafti itakayopita vipimo na ukaguzi wa sumaku, kisha vinafuata vidogo vidogo. Hata karakana zinazotoa injini kwa kubadilishana hutazama hivyo viwili kabla ya kukurudishia amana yako.

Wengine hujitetea: "Mimi huizungusha propela kwa mkono kila wiki, oili isambae." Tafadhali acheni. Kuzungusha kwa mkono hakupandishi oili kwenye kamshafti. Kunafuta hata ile kidogo iliyobaki kwenye kuta za silinda. Wanaoiwasha dakika tano chini na kuizima wanafanya vibaya zaidi, maana mwako wenyewe huzaa maji, na oili isipopata joto la kutosha maji hayo hubaki ndani na kugeuka asidi. Ama urushe ndege mpaka oili ipate joto lake, ama uihifadhi injini ipasavyo: oili ya kuhifadhia, na plagi za kunyonya unyevu, zile zenye chembe za buluu zinazogeuka waridi zikishiba. Nikikuta injini iliyohifadhiwa hivyo, chembe bado ni buluu na tarehe zimeandikwa, naongeza bei bila kuombwa. Kwa miaka yote hii sijafikisha tano.

"Makaratasi tutayatafuta baadaye"

Kipuri cha ndege kisicho na makaratasi ni chuma chakavu kilichosafishwa vizuri. Naomba nieleweke: hata kama ni kizima. Mimi ndiye nitakayetia sahihi, na sahihi yangu haiwezi kusimama juu ya "kilitoka kwenye ndege nzuri".

Chukua Cessna 206 na 210, ambazo huku kwetu ni nyingi. Injini zake nyingi za Continental IO-520 ziliguswa na agizo la usalama la Marekani nambari 97-26-17, linalotaka krankishafti za chuma cha aina ya zamani ziondolewe na kuwekwa zile zinazotambulika kwa herufi VAR. Daftari la matengenezo likionyesha kwamba kazi hiyo ilifanyika, na nambari za kipuri zikalingana, tunazungumza bei moja. Daftari lisipokuwepo, nachukulia kwamba haikufanyika mpaka nione kwa macho yangu, na kuona maana yake ni kufungua. Gharama ya kufungua naitoa kwenye bei yako. Wateja huona namwibia. Lakini atakayenunua kwangu ataniuliza swali lile lile.

"Aluminiamu haishiki kutu"

Inashika, ila kutu yake ni nyeupe. Unaona unga kama wa mhogo kwenye mistari ya ribiti, rangi imevimba, na ukibonyeza bati linafunguka tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma. Ndege iliyokaa Malindi au Lamu naikagua kwa shaka tangu mwanzo kwa sababu ya chumvi. Ya bara nayo ina adui wake, panya. Wanajenga viota ndani ya mabawa, na mkojo wao unatoboa bati.

Mwaka 2019, karibu na Mount Isa kule Australia, Cessna 210 ilikatika bawa angani na marubani wawili wakafariki. Wachunguzi walikuta ufa wa uchovu wa chuma kwenye boriti inayoshika mabawa, na ufa huo ulianzia kwenye kitundu cha kutu. Mtu akiniambia "hicho ni kidoa tu", mimi nafikiria wale wawili.

"Propela ni nyoofu"

Huenda imenyooshwa, au ni nyingine kabisa. Nauliza: injini hii iliwahi kusimama ghafla? Propela ikigonga ardhi au kigingi, mshtuko unafika kwenye krankishafti na kwenye gia iliyo nyuma yake. Kwa Lycoming nyingi, agizo 2004-10-14 linataka gia hiyo na mahali inapofungwa vikaguliwe baada ya kugonga. Asiponijibu, nahesabu kwamba iligonga.

"Basi niuzie kibati chake tu"

Hapana. Kibati cha utambulisho hakihamishwi kwenda kwenye ndege nyingine. Sheria za Marekani, zilikotengenezwa ndege hizi, zinakataza katika kifungu 45.13. Anayekuletea ombi hilo anatafuta kuficha kitu.

"Vipande vikiuzwa kimoja kimoja vitazidi ndege nzima"

Kwenye karatasi, ndiyo. Kwa kweli milango, mikono ya bawa, usukani wa mkia na miguu ya magurudumu hutoka upesi ikiwa haikupondeka. Bawa zima hukaa, kwa kuwa kusafirisha ni ghali kuliko bawa. Hesabu miaka, hesabu na kodi ya stoo.

Nilimpa mzee wa Naivasha bei yangu: injini kama ya kufanyiwa ovaholi, bodi bila makaratasi. Alisikitika, na nilimwelewa, ilikuwa ndege ya kaka yake. Siku ya nne akanitumia picha. Shemeji yake alikuwa amefungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda cha marehemu, na ndani yake mlikuwa na madaftari matatu yaliyofungwa kwa uzi wa katani, kila ukurasa umetiwa sahihi tangu siku ndege ilipoingia nchini. Nimempigia na kumpa bei nyingine.