Usiipepee hiyo Polaroid

Picha ya papo kwa papo ikitoka tu kwenye kamera, hakosekani wa kuidaka na kuanza kuipepea. "Ngoja ikauke." Ikauke nini, wakati haikulowa? Katika filamu za mtindo wa SX-70, kamera ya Polaroid iliyotoka 1972, dawa imo ndani ya kifuko kilichofichwa kwenye ule ukingo mweupe mpana wa chini. Picha inapobanwa kati ya roli mbili, kifuko hupasuka na dawa hutandazwa katikati ya matabaka yaliyofungwa pande zote. Upepo wako hauifikii. Ukiitikisa kwa nguvu, matabaka huweza kuachana na picha ikabaki na madoa. Mazoea haya tumerithi kwa filamu za zamani za kubandua, ambazo picha yake ilibanduliwa kwenye karatasi ya juu na kweli ilitoka na majimaji. Ilaze kifudifudi mezani, basi.

Wengi pia hudhani Polaroid ilizaliwa na kamera. Hapana. Mvumbuzi Mmarekani Edwin Land aliianzisha kampuni mwaka 1937, na jina lilitokana na karatasi angavu za kuchuja mng'ao wa mwanga, zilizotumika hata kwenye miwani ya jua. Kamera aliionyesha Februari 1947. Ikaanza kuuzwa Boston Novemba 1948.

Na wanaosema filamu zake zilikufa 2008? Kampuni ndiyo iliyoacha kuzitengeneza. Wapenzi wake wakakitwaa kiwanda cha Enschede, Uholanzi, na kufikia 2010 filamu mpya zilikuwa sokoni.

Linalonichekesha zaidi ni la jina. Mtu ameshika kamera ya Instax ya Fujifilm, iliyoanza 1998, na bado anakwambia "nipige Polaroid". Kisha anaongeza kwamba jina likishazoeleka midomoni, kampuni yenye jina imelipoteza. Si hivyo. Mazoea peke yake hayatoshi: mahakama huangalia kama watu wanalisikia kuwa jina la kitu chenyewe au bado la mtengenezaji. Kule Marekani, Otis, watengenezaji wa lifti, walipoteza haki ya jina "escalator" (ngazi za umeme) mwaka 1950, na "thermos" ikafuata miaka ya 1960. Polaroid bado ni alama ya biashara yenye mwenyewe. Aspirini, ambayo Kiswahili kimeshaipachika irabu yake ya mwisho, ni jina la wote Marekani. Ukivuka mpaka kuingia Kanada, ni mali ya kampuni ya dawa ya Bayer.