Televisheni baada ya Umoja wa Kisovieti: nani aliushika mnara?

Mtazamaji humwangalia mtangazaji. Sisi tunaoshughulikia masafa ya matangazo humwangalia mwenye mitambo inayomfikisha mtangazaji huyo sebuleni. Nchi 15 zilizotokana na kuvunjika kwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1991 zinafundisha mengi kuhusu hilo, kwa sababu zilirithi mtandao uliojengwa ili habari zote kuu zitoke Moscow.

Kiuhandisi, mtandao huo ulikuwa wa kuvutia. Mwaka 1967 ulikamilika mnara wa televisheni wa Ostankino, Moscow, wenye urefu wa mita 540, na mwaka huohuo ukaanza mfumo wa Orbita wa kurusha picha kwa setilaiti hadi Siberia na Mashariki ya Mbali. Madishi yetu Afrika Mashariki hutazama juu kwa sababu setilaiti nyingi za televisheni hukaa juu ya ikweta. Ukiwa kaskazini ya mbali, setilaiti hizo huwa chini mno, karibu na upeo wa macho. Ndiyo maana setilaiti za Molniya zilipewa njia ndefu yenye umbo la yai: zilipanda hadi kilomita 40,000 hivi upande wa kaskazini, zikakawia huko kwa saa kadhaa, na kila moja iliposhuka nyingine ilishika zamu. Ikabaki shida ya saa. Moscow ikiwa saa moja jioni, Vladivostok tayari ni usiku wa manane, hivyo vipindi vilirudiwa kwa nyakati tofauti kila kanda.

Usiku wa kuamkia 13 Januari 1991, wanajeshi wa Kisovieti waliuvamia mnara wa televisheni wa Vilnius, Lithuania, pamoja na jengo la studio. Watu 14 walipoteza maisha. Mtangazaji Eglė Bučelytė aliendelea kuzungumza na watazamaji askari wakiwa wameshaingia jengoni, mpaka picha ikakatika. Lakini usiku uleule studio ndogo ya Kaunas ikaingia hewani na kuendelea kuueleza ulimwengu yanayotokea. Wengi huusifu ujasiri wa watu wale, na wanastahili. Mimi naongeza na ile mitambo ya pili, kwani bila hiyo ujasiri wao usingeonekana. Agosti mwaka huo, waliojaribu kumwondoa Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, nao walikimbilia televisheni: wananchi wakawasha runinga wakakuta baleti ya Tchaikovsky badala ya vipindi vya kawaida.

Baadaye vifaru havikuhitajika tena. NTV, kituo binafsi kilichoanzishwa Urusi mwaka 1993 na Vladimir Gusinsky, kiliangukia mikononi mwa Gazprom, kampuni ya gesi yenye mkono wa serikali, Aprili 2001 baada ya mvutano wa madeni. Baadhi ya waandishi wake walihamia TV-6; matangazo yake yakakatwa Januari 2002. Wakaibukia TVS, nayo ikazimwa Juni 2003. Ni makaratasi tu, mahakama na leseni.

Kwingineko ugomvi ulikuwa wa lugha. Estonia ilipata uhuru, lakini wakazi wake wengi wanaozungumza Kirusi waliendelea kutazama chaneli za Moscow. Shirika la utangazaji la umma lilianzisha ETV+, chaneli ya Kirusi, mwaka 2015 tu. Nilivyoona mimi, walichelewa. Kazakhstan ilitaka Kikazakhi kisipungue nusu ya matangazo, na sheria yake ikapima hilo kwa kila kipindi cha saa sita kuanzia saa sita usiku, ili Kikazakhi kisije kikasukumwa kwenye saa ambazo watu wamelala.

Kisha ukaja udijitali. Mkataba wa Geneva wa 2006, uliozihusu Ulaya, Afrika na nchi hizo pia, ulitaja 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulinda masafa ya analojia dhidi ya mwingiliano kwa nchi nyingi. Ndio uliozisukuma Tanzania na Kenya kuingia kwenye ving'amuzi. Estonia ilizima analojia mwaka 2010, Urusi ikamaliza Oktoba 2019. Warusi sasa hupata chaneli 20 bila malipo, picha safi, na orodha ya zile za lazima imewekwa kwa amri ya rais.

Dozhd, chaneli huru ya Urusi, haikuwemo kwenye chaneli hizo 20. Mapema 2014 kampuni za kebo na setilaiti ziliiondoa, ikabaki kwenye intaneti. Machi 2022 ilisimamisha matangazo na watu wake wakaondoka Urusi. Latvia iliipa leseni, ikaifuta Desemba mwaka huohuo, na leseni iliyofuata ikatoka Uholanzi.